Mchezo Mmoja kwa Asiyeona na Anayeona: Dalili za Hitilafu, Visababishi na Namna ya Kurekebisha

Mwongozo huu umepangwa kwa dalili, kwa sababu mchezaji anayelalamika huleta dalili, haleti kisababishi. Atasema kwamba mchezo umekuwa bubu, au kwamba adui anatokea upande usio wake, na kazi ya mtengenezaji ni kurudi nyuma kutoka kwenye kauli hiyo mpaka kwenye mstari wa msimbo, au, mara nyingi kuliko tunavyopenda kukiri, mpaka kwenye uamuzi uliofanywa kabla mstari wa kwanza haujaandikwa. Chini ya kila dalili, kisababishi kinachoonekana mara nyingi zaidi kimetangulia, na ukaguzi mwepesi umewekwa kabla ya marekebisho mazito. Mifano mingi imetoka kwenye mchezo wa bao la kiswahili ninaoutunza kwa ajili ya simu za Android na kompyuta za Windows, ambamo asiyeona na anayeona huketi pande mbili za bao lilelile. Michache imetoka kwenye mchezo wa kukwepa maadui ndani ya shamba la minazi, ambako asiyejua sauti imetoka wapi hufa mapema.

Ripoti yoyote ikifika, uliza mambo manne kabla ya kufungua msimbo: kifaa gani, kisoma skrini gani (programu inayomsomea asiyeona kwa sauti yaliyo kwenye skrini) na toleo lake, hedifoni za waya au za Bluetooth, na neno au mlio wa mwisho aliousikia kabla ya kukwama. Hilo la nne ndilo husahauliwa, nalo ndilo linalokuonyesha skrini ambayo mchezo ulinyamaza.

KISOMA SKRINI KINANYAMAZA MARA MCHEZO UNAPOFUNGUKA

Dalili hii huripotiwa kuliko zote. TalkBack, kisoma skrini cha Android, au NVDA, cha Windows, iliyokuwa ikisoma vizuri dakika moja iliyopita inanyamaza, na mchezaji anabaki na muziki wa ukaribisho peke yake.

Anza na yaliyo karibu. Kwenye Android, sauti ya ufikivu, yaani ya vifaa vinavyowasaidia wenye ulemavu kuitumia simu, ina kiwango chake, tofauti na kile cha muziki. Mwambie mchezaji abonyeze kitufe cha kuongeza sauti wakati TalkBack inazungumza, kwa sababu akikibonyeza wakati mwingine ataongeza muziki tu. Kwenye Windows, mwambie atoke na kurudi kwa vitufe vya Alt na Tab. NVDA ikitaja jina la dirisha la mchezo kisha ikanyamaza, basi kisoma skrini ni kizima na tatizo ni lako.

Kisababishi kikuu ni kwamba injini nyingi za michezo, yaani programu za kutengenezea michezo kama Godot na Unity, huchora menyu, vitufe na maandishi kama picha moja ndani ya dirisha moja. Anayeona anaona menyu. Mfumo wa kompyuta, na kisoma skrini kinachoutegemea, hukuta mstatili mtupu. Hakuna mpangilio wowote upande wa mchezaji utakaoponya jambo hili. Ikiwa unatumia Godot, toleo la 4.5 lililotoka Septemba 2025 lilileta uwezo wa kuzungumza na visoma skrini kupitia maktaba ya AccessKit, na kuhama kutoka toleo la zamani kunaweza kukuondolea nusu ya kazi. Unity 6 ina njia ya kueleza TalkBack ya Android na VoiceOver ya iPhone ni vitu gani vilivyo kwenye skrini, lakini lazima uvieleze wewe, kimoja kimoja. Ukiwa kwenye injini isiyo na chochote, peleka maandishi mwenyewe: kwenye Windows kuna maktaba kama Tolk, inayopokea sentensi kutoka kwenye msimbo wako na kuifikisha kwa NVDA, JAWS au kisoma skrini kingine kitakachokutwa kimewashwa.

Kisababishi cha pili huwapata waliokwisha kufanya kazi hiyo. Mchezo unazungumza vizuri ndani ya kihariri cha injini, ukishafungashwa kwa ajili ya wachezaji unanyamaza. Karibu kila mara faili la DLL (faili la maktaba la Windows) halikunakiliwa kwenye folda ya mwisho, au limenakiliwa la biti 32 ilhali mchezo ni wa biti 64, na faili la namna hiyo halipakiki kabisa. Katika Godot 4, wanaotumia sauti ya injini yenyewe wakague pia mpangilio wa mradi unaowasha usomaji wa maandishi, kwa kuwa huja ukiwa umezimwa.

Kisababishi cha tatu ni maandishi yaliyochorwa ndani ya picha, hasa vitufe vilivyotoka kwa msanii vikiwa na neno "Anza" limeshakuwa rangi. Hapo ni kuandika jina la kitufe upya kwenye msimbo, basi.

Simama hapa: ukijikuta unafikiria kuandika huduma ya ufikivu ya Android ili isome skrini ya mchezo wako kwa nguvu, acha. Huduma ya namna hiyo hupewa mamlaka ya kuona yanayotendeka hata kwenye programu nyingine za mchezaji, zikiwemo za benki. Mtafute msanidi aliyezoea ufikivu wa Android akuonyeshe njia ya kawaida.

VIDOLE AU VITUFE HAVIUFIKII MCHEZO

TalkBack ikiwa imewashwa, mguso mmoja hutaja kilicho chini ya kidole, na kugusa mara mbili ndiko kunakobonyeza. Mchezo unaotegemea kutelezesha kidole upesi unakuwa umenyang'anywa vidole vyote. Ukaguzi ni mwepesi: telezesha kwa vidole viwili, kwa kuwa kwa kawaida TalkBack huupitisha mwendo huo kwenye programu. Mchezo ukiitikia, kisababishi umekwisha kukipata.

Kwa mchezo wa taratibu kama bao, mimi hufuata desturi ya TalkBack badala ya kushindana nayo. Kila shimo kati ya yale 32 limepewa jina lake, mchezaji anapapasa ubao kwa kidole kama anavyopapasa ubao wa mbao, na kugusa mara mbili huinua kete. Kwa mchezo wa kasi haiwezekani hivyo. Utalazimika kuupa mchezo sauti yake mwenyewe, tangu skrini ya kwanza kabisa, na kumwomba mchezaji aisimamishe TalkBack kwa njia yake ya mkato, ambayo kwenye simu nyingi ni kushikilia vitufe viwili vya sauti kwa pamoja. Kwenye iPhone unaweza kulitangaza eneo la mchezo kuwa la mguso wa moja kwa moja, na VoiceOver haihitaji kuzimwa.

Kwenye kompyuta, mchezo ulio ndani ya kivinjari hukumbwa na jambo linalofanana na hilo: NVDA huzimeza herufi na mishale kwa ajili ya kusomea ukurasa. Mchezaji akibonyeza Insert na Space pamoja, na mchezo ukafufuka, lipe eneo la mchezo jukumu la "application" kwenye msimbo wa ukurasa. Lipe eneo hilo tu. Ukiufunika ukurasa mzima, maelezo na vitufe vya nje ya mchezo vitakuwa vigumu kusomeka.

Mtego mdogo ambao umenipotezea siku nyingi ni kitufe cha Control. Katika visoma skrini vya Windows hicho ndicho kitufe cha kunyamazisha usemi. Ukikifanya kitufe cha kurusha jiwe, mchezaji atakuwa anajikatia maelezo kila anaporusha, kisha atakuandikia kwamba usemi wako una kigugumizi.

MANENO YANAKATIKA, AU YANARUNDIKANA

Malalamiko haya mawili yanaonekana kupingana, lakini chanzo chake ni kimoja: ujumbe wote umepewa uzito sawa. Ukiagiza kila ujumbe ukatize uliotangulia, hakuna sentensi itakayofika mwisho. Ukiagiza kila ujumbe usubiri zamu, mchezaji ataambiwa adui yuko mita tano wakati amekwisha kuuawa.

Gawa ujumbe katika madaraja matatu kabla ya kufanya lolote jingine. Hatari hukatiza kila kitu. Jibu la kitufe hukatiza jibu la kitufe kilichotangulia, kwa sababu mchezaji anayeshuka kwenye menyu kwa haraka hataki kusikia majina ya vitufe alivyovipita. Habari za kawaida husubiri zamu, na zikichakaa kabla ya zamu yao hutupwa. Ongeza kitufe cha kurudia ujumbe wa mwisho, na kingine cha kupitia ujumbe kumi uliopita, maana hata kwa mpangilio mzuri kuna siku lori litapiga honi nje ya dirisha.

Lakini tatizo kubwa zaidi ni kusema yasiyohitaji kusemwa. Toleo la kwanza la bao langu lilikuwa likisoma kila kete inapoanguka: "Shimo la tano, kete tatu, shimo la sita, kete nne." Wachezaji wa bao wanajua kwamba mtaji mmoja unaweza kuzunguka ubao mara mbili au zaidi kabla ya kulala, hivyo anayeona alikuwa anatazama mchezo wa sekunde sita, na mpinzani wake asiyeona anasomewa kwa dakika nzima. Marekebisho tuliyapata ubaoni penyewe. Kete ikiangukia shimo tupu hugonga mbao kwa mlio mzito. Ikiangukia shimo lenye kete, hugonga kete wenzake kwa mlio mwembamba na mkavu, na kadiri shimo linavyojaa ndivyo mlio unavyozidi kuwa mfupi. Tulirekodi milio hiyo, tukaipanga kutoka sikio la kushoto hadi la kulia kwa kufuata mashimo manane ya safu, na usemi ukabaki mmoja tu mwishoni: "Amekula kete saba, amelala kichwa cha kushoto." Mchezaji aliyekulia barazani hakuhitaji maelezo yoyote ya ziada, na anayeona naye aliipenda milio hiyo bila kujua kwamba ilikuwa ni ya ufikivu.

Katika sentensi yenyewe, tanguliza kinachobadilika. "Kete nne, shimo la tatu, safu ya mbele" humruhusu msikilizaji kukatiza baada ya maneno mawili, ilhali "Shimo la tatu la safu ya mbele lina kete nne" humlazimisha kusubiri mpaka mwisho kila mara. Usitumie sauti ya mtu iliyorekodiwa kwa menyu, hata ikiwa nzuri namna gani: aliyezoea kisoma skrini husikiliza kwa kasi ambayo wewe hutasikia neno, na rekodi yako haiwezi kumfuata.

KISWAHILI KINATAMKWA KAMA KIINGEREZA

Kagua kwanza sauti aliyoichagua mchezaji. NVDA huja na eSpeak NG, ambayo ina sauti ya Kiswahili, kavu kama ya mashine lakini yenye irabu sahihi. Kwenye Android, huduma ya usemi ya Google pia ina Kiswahili, ingawa huenda ikahitaji kupakuliwa kwanza. Usibadilishe sauti ya mchezaji bila idhini yake. Wapo waliosoma Kiswahili kwa sauti ya Kiingereza kwa miaka mingi, masikio yao yamezoea, na sauti mpya itawachelewesha. Weka chaguo kwenye mipangilio, uwaachie.

Kisababishi kinachofuata ni maandishi yasiyotaja lugha yake. Kwenye ukurasa wa wavuti taja kwamba ni Kiswahili kwenye msimbo. Mchezo unaotumia sauti ya injini nao uombe sauti ya Kiswahili kwa jina la lugha, wala usichukue sauti ya kwanza kwenye orodha.

Kisha kuna hitilafu ambayo miongozo ya lugha nyingine haiwezi kuigusa. Ukiandika "mashimo 2", sauti ya Kiswahili itasoma "mashimo mbili", na "wachezaji 3" itakuwa "wachezaji tatu". Mashine haijui ngeli. Namba 1 hadi 5, pamoja na 8, hufuata ngeli ya nomino, ilhali sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki. Kwa hiyo tengeneza jedwali dogo la maneno kwa kila ngeli inayotumika katika mchezo, na upeleke neno lenyewe, si tarakimu. Kwa kete huna haja, kwa sababu "kete mbili" ni sahihi tayari. Kwa mashimo, wachezaji na mizunguko unaihitaji. Jambo hili linaweza kuonekana dogo kwa anayesoma kwa macho, maana jicho lake hulisahihisha lenyewe. Anayesikia "wachezaji mbili" mara mia kwa jioni moja huona kwamba mchezo haukutengenezwa kwa ajili yake.

SAUTI HAIELEKEZI MAHALI

Mjaribu mmoja aliniripotia kwa wiki nzima kwamba kila adui wa kulia anasikika kushoto. Nilipekua hesabu za mihimili kwa siku mbili, nikageuza alama moja ya kutoa, na wengine wote wakaanza kulalamika. Alipokuja kwangu nikamkuta amekaa kwenye kochi, waya wa hedifoni umeshuka bega la kulia badala ya la kushoto. Herufi L na R zilichapwa kwa wino ndani ya vikombe, na hapakuwa na alama yoyote ya kupapasa. Tangu siku hiyo kitu cha kwanza katika menyu yangu ni jaribio linalosema "kushoto" kwenye sikio la kushoto tu, kisha "kulia" kwenye la kulia.

Baada ya hapo, kagua kama simu au kompyuta imewekwa kwenye sauti ya mono, yaani sauti ileile moja kwa masikio yote mawili, mpangilio wa ufikivu unaotumiwa na watu wanaosikia kwa sikio moja na ambao huachwa umewashwa bila kukumbukwa. Kagua kama anatumia spika ya simu. Mchezo wa mahali hauchezeki kwa spika moja, na ni haki kumwambia hivyo tangu mwanzo.

Ukiwa na uhakika na masikio, ingia kwenye mradi. Katika Unity, chanzo kipya cha sauti huja kikiwa cha 2D, yaani kisicho na mahali: kigezo kiitwacho Spatial Blend kiko kwenye 0 na lazima ukipeleke kwenye 1. Katika Godot, kosa linalolingana na hilo ni kutumia AudioStreamPlayer mahali pa AudioStreamPlayer3D. OpenAL, maktaba ya sauti, haiwezi kulipa mahali faili la stereo; mlio wa adui lazima uwe wa mono. Na katika mchezo ambao kamera humfuata mhusika kwa nyuma, angalia kisikilizi, yaani sikio la mchezaji ndani ya mchezo, kimefungwa wapi, kwa sababu kikiwa kwenye kamera, kila kitu kitasikika kana kwamba mchezaji amesimama mita kadhaa nyuma ya mwili wake.

Kuchanganya mbele na nyuma ni suala jingine, nalo halitaisha kwa kurekebisha kosa moja. Sauti ya ubavuni hulifikia sikio la karibu mapema kuliko la mbali kwa milisekunde 0.6 au 0.7 hivi, na ubongo huutumia muda huo kujua upande. Ya mbele hasa na ya nyuma hasa hufika masikio yote mawili kwa wakati mmoja, hivyo kinachobaki ni namna ndewe na mikunjo ya sikio inavyobadilisha sehemu nyembamba za sauti. Vifaa kama Steam Audio na OpenAL Soft huiga mabadiliko hayo kwa vipimo viitwavyo HRTF, lakini vipimo hivyo vilichukuliwa kwenye masikio ya watu wengine, na baadhi ya wachezaji hawatasikia tofauti yoyote. Hakikisha kwanza kwamba hakuna uigaji mara mbili, yaani wa mchezo juu ya ule wa Windows, kwa sababu ukirundika mmoja juu ya mwingine mahali panayeyuka. Tumia milio yenye mchanganyiko, kama majani makavu yanayokanyagwa, badala ya mluzi mtupu. Fifisha kidogo sehemu nyembamba za kila kilicho nyuma. Mpe mchezaji uwezo wa kugeuka haraka, maana akigeuka kidogo tu sauti itahamia upande mmoja na shaka itaondoka. Juu na chini ni pagumu zaidi. Mimi hutumia mlio mwembamba kwa kilicho juu na mzito kwa kilicho chini, na sijuti.

MAKELELE

Adui, muziki, mvua, nyayo na usemi vikilia pamoja, mchezaji hasikii hata kimoja. Kagua kama muziki na mandhari vina vitelezi vyao tofauti, kisha punguza muziki kiotomatiki kila usemi unapoanza. Weka kikomo cha vyanzo vinavyolia kwa wakati mmoja, ukitanguliza vya karibu na vya hatari. Usitatue jambo hili kwa kuongeza ukubwa wa kila mlio. Mjaribu akisema masikio yanavuma, simamisha majaribio ya siku hiyo. Uvumi ukiendelea hadi kesho yake, amwone daktari wa masikio, nawe pima upya kilele cha sauti zako kabla mtu mwingine hajavaa hedifoni hizo.

MLIO UNAFIKA BAADA YA TUKIO

Chomoa Bluetooth, chomeka waya, ujaribu tena. Hedifoni nyingi zisizo na waya huchelewesha sauti kwa zaidi ya milisekunde 100, na anayeona halioni hilo kwa sababu jicho lake limekwisha kumjibu. Tatizo likibaki, fungua faili la mlio ulitazame: faili la MP3 huongezewa ukimya mwanzoni na kodeki yenyewe (programu inayobana na kubanua sauti), milisekunde 25 hivi au zaidi, kwa hiyo milio ya vitufe iwekwe katika WAV. Mwisho kabisa gusa ukubwa wa akiba ya sauti (buffer) kwenye injini, yaani kipande cha sauti kinachoandaliwa kabla ya kupigwa. Sampuli 1,024 kwa kasi ya 48,000 kwa sekunde ni milisekunde 21; ukizipunguza mno, simu ndogo zitaanza kukwaruza.

MCHEZAJI ANAPOTEA, AU ANAKWAMA UKUTANI

Usianze na ramani ya sauti ya hali ya juu. Anza kwa kuuliza kama kuna kitufe kinachojibu "niko wapi na nimeelekea wapi". Mara nyingi hakipo. Kinachofuata ni ukuta bubu: mhusika anasugua ukuta, miguu inaendelea kulia kana kwamba anatembea, na mchezaji anaamini amefika mbali. Zima nyayo anapozuiwa, na uweke mlio wa kugonga. Kisha punguza pembe za kugeuka. Kugeuka kwa nyuzi 45 kila mara humwezesha mtu kuhesabu, lakini kugeuka kiholela humvuruga baada ya kona tatu.

Ikiwa bado anapotea, mpe msaada wa kuelekezwa. The Last of Us Part II ya 2020 ilionyesha kwamba hata mchezo mkubwa wa kutazamwa unaweza kumgeuza mchezaji kuelekea njia kwa kitufe kimoja, na Forza Motorsport ya 2023 ilimwekea dereva asiyeona milio ya kona, breki na gia. Cha kujifunza katika zote mbili ni kwamba msaada uliwekwa ndani ya mchezo uleule ambao wengine wote wanacheza, ukawa chaguo la kuwasha.

Simama hapa pia: usijitegemee wewe kwa kufumba macho. Mtu anayeona akifumba macho anakumbuka ramani aliyoichora mwenyewe, naye ni mzembe wa kusikiliza. Atavuka pale ambapo wengine watakwama, na atakwama pale ambapo wengine wanapita. Mtaalamu wa kuitwa ni mchezaji asiyeona, mzoefu wa michezo, na alipwe kama fundi mwingine yeyote.

ANAYEONA ANALALAMIKA, AU MMOJA ANAMWONEA MWENZAKE

Malalamiko ya wanaoona kwa kawaida ni mepesi: usemi unawaudhi, au skrini imeachwa kavu. Usemi uzimike kwa kitufe kimoja. Skrini usiiache, kwa kuwa kati ya asiyeona kabisa na anayeona vizuri wapo wengi wenye uoni hafifu wanaotumia vyote viwili, macho na masikio. Maandishi yatofautiane na mandharinyuma kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1, na kitufe kilichochaguliwa kiwe na fremu nene, si rangi peke yake. Mwanga usimemeteke zaidi ya mara 3 kwa sekunde. Mjaribu yeyote akipata kizunguzungu au kifafa mbele ya skrini, ondoa toleo hilo mara moja, apelekwe hospitali, na usilirudishe mpaka aliyebobea katika kupima mimemeto ameliangalia.

Uonevu wa muda ni mgumu zaidi. Anayeona hutupa jicho mara moja na kuziona kete zote 64. Asiyeona husomewa safu kwa safu. Saa ya sekunde ishirini kwa zamu ni haki kwa karatasi tu. Tulichokifanya ni kusimamisha saa ya zamu wakati ubao unasomwa, kwa wachezaji wote wawili, na kuruhusu usomaji wa safu nzima kwa kitufe kimoja: "Mbili, tupu, tatu, moja." Ilibidi tuweke pia kikomo cha usomaji kwa zamu, kwa sababu wanaoona waligundua mapema kuliko nilivyotarajia kwamba kusomewa ubao ni njia ya kuiba muda. Bao halina siri. Mkiweka mchezo wa karata, ambamo kila mmoja huficha zake, kila mmoja atahitaji hedifoni zake.

Ukiongeza mazungumzo ya maandishi au ya sauti kati ya wachezaji, na mchezo ukauzwa Marekani, ujue kwamba sheria ya 2010 iitwayo CVAA inayahusu mazungumzo hayo, na kwamba msamaha waliokuwa wamepewa watengenezaji wa michezo uliisha tarehe 31 Desemba 2018. Hapo muulize mwanasheria, usimuulize mtengenezaji mwenzako.

ILIKUWA INAFANYA KAZI, TOLEO JIPYA LIMEIHARIBU

Kisababishi cha kwanza ni kitufe kipya kisicho na jina. Cha pili ni faili la DLL lililosahaulika tena. Cha tatu ni injini iliyopandishwa toleo. Kwa kile cha kwanza, andika jaribio dogo linalopita kwenye kila skrini na kukataa kufungasha mchezo likikuta kitufe kisicho na maandishi. Kwa vingine hakuna njia ya mkato: mchezaji asiyeona aanze na kusakinisha, amalize mchezo mmoja kamili bila kusaidiwa, na akikwama popote, toleo lisitoke siku hiyo. Acha pia toleo lililotangulia likipatikana kwa kupakuliwa, kwa kuwa mtu ambaye mchezo umemnyamazia hawezi kuingia kwenye mipangilio yake kuurekebisha.